Bada na Fuko kwa Watasema

Kwa mkono wa Usharika, Mlalo
4 Novemba 1974

Mdogo wangu Fanueli,

Naanza na hasara, salamu zitakuja nyuma. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 2 mwezi huu, nguruwe mwitu wamefukua matuta kumi na manne ya viazi vyangu kule juu kwenye ukingo wa msitu. Nilikuwa na matuta ishirini na mawili. Viazi vilibakiza majuma matatu kuvunwa. Hesabu iliyobaki ifanye mwenyewe, wewe ndiye uliyesoma.

Mbwa alikuwepo. Ndiyo maana nakuandikia wewe na si mwenyekiti wa kijiji. Unamkumbuka Watasema, yule wa rangi ya majani makavu, niliyempa jina hilo mwaka nilipofyeka shamba la juu peke yangu na watu wakaanza kuuliza nimepata wapi nguvu. Kwa miaka mitatu hakuna nguruwe aliyepita mbele yake. Usiku ule hakubweka. Nilipopanda asubuhi nilimkuta amekaa kando ya tuta la kwanza anatafuna nyayo zake mwenyewe, kama mtu anayetafuta mwiba. Tumboni manyoya yamenyonyoka na ngozi ni nyekundu. Nguruwe walikula huku wanamtazama.

Bila mbwa, kulima kule juu ni kuwalimia nguruwe. Akifa yeye, shamba limekufa. Kwa hiyo niambie ni ugonjwa gani na dawa yake ni nini. Wewe ni bwana mifugo.

Sasa salamu. Mama hajambo, goti linamsumbua siku za ukungu, na kila Jumapili tukitoka kanisani ananiuliza habari zako kana kwamba mimi ndiye niliyekuficha. Ng'ombe wetu alizaa mwezi wa tisa, ndama jike. Tangu tuhamishiwe kwenye nyumba za mstari za kijiji kipya, baba mkwe wako, mzee Silvano, ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Akikohoa, mimi naamka. Kuhusu huyu mbwa nadhani anajua zaidi ya anavyosema, ila hilo tutaliongea. Msalimie wifi yangu Paskalina.

Dada yako,
Dorkasi


Mpwapwa
30 Novemba 1974

Dada Dorkasi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana. Imezunguka Dodoma kwanza, sijui ilikuwa na shughuli gani huko. Pole sana kwa viazi. Huku hali si nzuri. Mvua haijanyesha, mbuzi wanakula magome ya miti, na mimi nashinda kwenye josho nikihesabu ng'ombe ambao kila juma wanapungua. Paskalina hajambo. Ana mimba ya miezi sita. Usimwambie Mama, nataka nimwandikie mwenyewe.

Kuhusu mbwa, dada, ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa ng'ombe. Mbwa tulifundishwa kidogo sana. Kwa ulivyoeleza nafikiri ni upele, ule wa wadudu wasioonekana wanaochimba ngozi. Lakini kabla sijasema dawa, nijibu. Je, mbwa wengine wa jirani wanajikuna? Je, wewe au Mama mmeanza kujikuna, hasa mikononi na kiunoni? Maana upele wa namna hiyo haukai kwa mmoja. Anajikuna wapi zaidi? Masikio yake yakoje? Na kinyesi chake?

Usimpake oili chafu ya gari. Najua huko watu hupenda kufanya hivyo. Inaunguza ngozi, na mbwa akijilamba inaingia tumboni.

Kuhusu mzee Silvano, ni mtu mzima. Tumwache apumzike.

Ndugu yako,
Fanueli


Mlalo
22 Desemba 1974

Mdogo wangu,

Krismasi njema mapema, maana najua barua hii itakula sikukuu yake njiani. Mama anakusalimu. Ameshona kikoi cha mtoto. Sikumwambia kitu, alimwota Paskalina, ndivyo anavyosema, na mimi sibishani na ndoto.

Oili nilikuwa nimeshapaka. Dereva mmoja wa lori pale Mombo alinipa debe, akaapa kwamba mbwa wake alipona kwa siku moja. Wangu alilia usiku kucha na sasa mgongo nao umenyonyoka. Kwa hiyo hilo lako lilikuja limechelewa, kama vitu vingi.

Majibu yako haya. Mbwa wengine hawajikuni. Mbwa wa Athumani wa nyumba ya mwisho hulala naye gunia moja, na manyoya yake yanang'aa kama ya mbwa wa Mzungu. Mimi sijikuni. Mama hajikuni, na huyu mbwa humlalia miguuni kila jioni. Anajikuna tumboni, kwapani na nyuma chini ya mkia, lakini zaidi ni miguu. Anailamba mpaka katikati ya vidole pamekuwa pekundu. Masikio ndani yana nta nyeusi na yananuka kama hamira. Kinyesi ni laini, mara nyingi kwa siku kuliko zamani. Na hali hii haijali jua wala mvua. Niliipima, ni ileile.

Sasa nisikilize. Huyu mbwa analishwa sumu. Mtu mmoja anampa kidogo kidogo. Mtu huyo anaishi ukuta mmoja na mimi, na Watasema alishawahi kumkimbiza kuku wake. Nimelisema bombani mbele ya wanawake wote, sikunong'ona.

Juma lililopita kukawa na mkutano wa kijiji. Mzee Silvano akasimama, kofia mkononi.

"Ndugu wananchi, mbwa wenye upele wapigwe risasi. Sasa tunaishi karibu karibu. Mwaka jana mjukuu wangu aliupata huo upele, akakesha analia."

Mimi nikasema, "Mzee, taja jina la mbwa."

Akasema, "Sijataja jina la mtu."

"Mimi nimesema jina la mbwa."

Watu wakacheka, lakini azimio likapita. Mgambo watakagua mbwa wote. Mwenyekiti amesema tarehe itatangazwa baada ya kupanda. Mbwa atakayeonekana na ngozi mbaya atapigwa risasi, isipokuwa mwenye mbwa awe na barua ya mtu wa mifugo kwamba ugonjwa wake hauambukizi.

Niambie dawa ya sumu. Na niambie unamwonaje mkweo, kwa maneno, si kwa kumpumzisha.

Dorkasi


Mpwapwa
19 Januari 1975

Dada,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Paskalina anaendelea vizuri, anatamani udongo wa kichuguu na viazi vya nyumbani. Mwambie Mama asante ya kikoi.

Barua yako nilimsomea daktari wa mifugo mzee mmoja aliyepita hapa kikazi, mtu aliyetibu mbwa wa polisi miaka mingi. Nilimsomea ile sehemu ya majibu tu. Alinisimamisha uliposema mbwa wa Athumani analala naye na hajikuni. Akasema, "Huo si upele. Muulize dada yako, mbwa anakula nini?"

Alinieleza hivi. Kuna mbwa ambao mwili wao unakikataa chakula fulani. Si sumu wala chakula kibovu. Mbwa amekila miezi au miaka bila shida, kisha siku moja mwili unakiona kama adui. Kwa mbwa hali hiyo hutokea zaidi ngozini kuliko tumboni: miguu, masikio, tumbo, chini ya mkia, palepale ulipotaja. Haifuati majira, kwa sababu chakula ni cha kila siku. Haimwambukizi mtu wala mbwa. Mara nyingi kinachokataliwa ni kitu cha kawaida kabisa, kama nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku, mayai, ngano.

Damu haipimwi wala hakuna sindano. Dawa na kipimo ni kitu kimoja: unamlisha nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila maishani, na wanga wa aina moja ambao hajauzoea, basi. Hivyo hivyo majuma nane. Ngozi inachelewa kusadiki. Katika muda huo hakuna kingine kinachopita mdomoni mwake ila maji. Asipewe mfupa, ukoko, wala sufuria ya kulamba. Alisisitiza sufuria. Ukikosea mara moja unaanza upya. Akipona, unarudisha vyakula vya zamani kimoja kimoja, kila kimoja majuma mawili, mpaka kimoja kimrudishe kwenye kujikuna. Hicho ndicho.

Masikio yaoshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kwa kitambaa safi, usichokonoe na kijiti. Mgongo uliounguzwa na oili uoshe kwa sabuni ya kufulia na maji ya vuguvugu, kisha uuache.

Nalala mapema siku hizi, taa haina mafuta. Nitaandika tena.

Fanueli


Mlalo
2 Machi 1975

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Ndama anaendelea. Hujaandika kama mtoto amezaliwa, na Mama ameacha kuota, kwa hiyo hatujui.

Umeona ulivyoruka swali langu. Nimeliona. Tuendelee.

Nilianza siku ileile barua ilipofika. Nyama asiyoijua haikunisumbua. Fuko wamejaa kwenye viazi vyangu, na Watasema hajawahi kuonja hata mmoja kwa sababu watega fuko huwaoka wenyewe palepale shambani. Sasa natega mwenyewe. Wanga nimechagua muhogo. Sisi wa huku juu tunakula mahindi, muhogo ni wa watu wa bondeni, kwa hiyo nikamwagiza Salma, yule mama wa mboga anayeshuka Mombo kila soko, aniletee unga wa muhogo. Namsongea mbwa bada. Nimemtengea sufuria yake, mwiko wake na sahani yake ya bati. Namfunga kamba mchana, usiku anapanda na mimi shambani.

Sasa fikiria. Mwaka huu watu wanapanga foleni ya unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, nusu debe kwa kaya, na mimi nimebeba kichwani unga mweupe wa mbwa. Siku ile nilipopita dukani foleni nzima iligeuka.

"Dorkasi, una wageni?" akauliza mmoja.

Nikasema, "Nina mgonjwa."

"Mgonjwa gani anakula bada?"

"Mwenye mkia."

"Na kitoweo?"

"Fuko."

"Basi mimi nahamia kwako, na mkia nitautafuta," akasema Athumani, na foleni ikaanguka kicheko. Sikukasirika. Jina la mbwa nililichagua mwenyewe.

Juma la pili hakuna kitu. Juma la tatu miguu ikaanza kukauka. Juma la nne alipanda shambani akabweka, Fanueli, akabweka mpaka msitu ukajibu. Nikalala usingizi wa kwanza tangu Novemba. Siku tatu baadaye akaanza tena, miguu, masikio, vilevile. Nilimshika taya nikamnusa. Mdomo ulinuka maziwa ya mgando.

Mimi simpi maziwa. Kuna mtu anafika hapa ninapokuwa shambani, anamchanganyia kitu kwenye maziwa. Mstari wetu una nyumba nyingi, lakini ukuta wangu ni mmoja. Mwandikie mkweo. Ukaguzi umetajwa kuwa baada ya mavuno ya maharage, na mimi narudi juma la kwanza kama mjinga.

Dorkasi


Mpwapwa
12 Machi 1975

Dada yangu,

Shikamoo. Mtoto amezaliwa tarehe 26 Februari, msichana. Tumemwita Raheli kwa jina la Mama. Samahani kwa kuchelewa. Paskalina aliumwa baada ya kujifungua, na nilikuwa siandiki kwa mtu yeyote. Sasa anakaa, anakula, anacheka. Mwambie Mama polepole, asikimbie na goti lile.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikimsomea Paskalina. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo moja tu: "Baba aliuza ng'ombe wake wote wawili wakati wa kuhama, kwa sababu nyumba aliyopewa haina zizi. Hayo maziwa angeyatoa wapi?" Kisha akageukia ukuta.

Dada, nakuuliza kama bwana mifugo, usiseme nimekuwa upande wa mtu. Uliniandikia Novemba kwamba ng'ombe wenu alizaa mwezi wa tisa. Watasema alianza kujikuna lini? Na katika mstari mzima, mgando uko katika nyumba ya nani?

Fanueli


Mlalo
13 Aprili 1975

Fanueli,

Mama amelia, amecheka, amekaa, amesimama, na goti amelisahau. Raheli mdogo asalimiwe. Wifi yangu pole sana, namtumia unga wa ulezi kwa mkono wa mwalimu anayepanda treni Korogwe. Mwambie ni wa uji, akinywa asubuhi na jioni utamrudishia nguvu.

Maswali yako. Alianza kujikuna mwisho wa mwezi wa tisa. Mgando uko katika nyumba yangu.

Nilijifanya nimekwenda shambani. Nilikaa nyuma ya zizi na jembe langu mapajani. Jua lilipofika juu ya paa, Mama akatoka na kibuyu. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, mwanamke mzima wa miaka sabini, akachuchumaa na lile goti na kummiminia mbwa mgando kwenye kiganja chake. Kwenye kiganja, ndiyo maana sahani ilikuwa safi kila siku. Alikuwa anamwambia, "Kunywa, baba, itoke, itoke."

Nikatoka. Nikasema, "Mama, unafanya nini?"

"Namtibu."

"Nimekataza asipewe kitu."

"Umekataza chakula. Hii ni dawa."

"Dawa ya nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe. "Si wewe uliyesema analishwa sumu? Umesema hapa nyumbani, umesema bombani. Mtu akila sumu anapewa nini? Maziwa. Wewe mwenyewe ulipokunywa dawa ya kupulizia kahawa ulipokuwa mdogo nilikupa maziwa, na leo unanisemesha."

Tangu mwezi wa tisa alikuwa anampa masalia ya kibuyu, kwa upendo tu. Tangu Desemba, niliposema sumu, akampa kibuyu kizima. Kadiri mbwa alivyojikuna ndivyo alivyoongeza. Juma lile la tatu na la nne, alipopona, Mama alikuwa amekwenda Mlola kwenye msiba wa binamu yake. Sikuliunganisha. Mimi ninayekumbuka tuta gani lilitoa viazi vingapi, sikuliunganisha.

Sikumgombeza. Nilimwambia maneno ya daktari wako, yote, na ya sufuria. Akakiziba kibuyu, akaniuliza, "Kwa hiyo nilikuwa nampaka pilipili kwenye kidonda?" Nikamwambia kitu kama hicho. Akasema tangu leo bada ataisonga yeye, ili mkono wake uwe na kazi nyingine. Na anaisonga. Analalamika kwamba fuko ananuka, lakini anaisonga.

Nimeanza upya tarehe 24 Machi. Kuhusu mkweo sina la kuandika kwa leo.

Ila kuna hili. Bwana mifugo wetu wa hapa alihamishwa, na nafasi yake haijajazwa. Mwenyekiti anataka barua yenye muhuri. Wewe unao muhuri. Niandikie.

Dorkasi


Mpwapwa
8 Mei 1975

Dada yangu,

Shikamoo. Raheli anakua, ana sauti kama ya shangazi yake. Mvua za mwisho zilikuja kidogo. Ulezi umefika salama na Paskalina amenywa uji wote, anashukuru.

Nimefurahi kwa habari za mbwa. Akitimiza majuma nane bila kosa, mjaribu kwa maziwa kidogo uone. Inauma kumrudisha mgonjwa, lakini bila hivyo unabaki na dhana.

Kuhusu barua, dada, elewa. Mimi ni mtumishi wa wilaya hii, si ya Lushoto. Mbwa sijamwona kwa macho. Na azimio lile unajua lilitolewa na nani. Barua ikitoka kwangu ikasomwa mkutanoni, itaonekana mkwe amemjibu mkwewe kwa muhuri wa serikali. Tusubiri, pengine nafasi ya hapo itajazwa.

Salamu kwa Mama.

Fanueli


Mlalo
5 Juni 1975

Mdogo wangu Fanueli,

Mama hajambo na anakusalimu. Ameniambia niandike kwamba sauti ya shangazi si tusi. Ndama amekuwa mkubwa. Viazi vya juu vimesimama vizuri, matuta yote ishirini na mawili, hakuna lililofukuliwa.

Majuma nane yalikwisha tarehe 19 Mei. Watasema ana manyoya tumboni, vidole vimekauka, masikio hayana harufu, kinyesi ni kigumu. Tarehe hiyohiyo nikampa maziwa, kikombe cha chai kimoja asubuhi. Aliyetoa ni Mama, nilitaka aone. Jioni hakuna kitu. Siku ya pili akaanza kulamba mguu wa mbele. Siku ya tatu alikuwa anajiburuza majanini na sikio moja limekuwa jekundu. Mama akasema, "Basi, basi, nimeona," akaenda kumkamua ng'ombe. Nikarudi kwenye bada na fuko tu. Jana kujikuna kumekoma kabisa. Mwezi huu nitamrudishia ugali wa mahindi majuma mawili, kisha mifupa ya ng'ombe, kimoja kimoja. Daktari wako mwambie amesadikiwa.

Vibuyu sasa vinaning'inizwa juu. Watoto wote wa mstari nimewaonyesha mbwa, nimewaambia asipewe kitu kilichotoka kwa ng'ombe hata akilia, na Athumani amewaambia atakayempa maziwa atalishwa fuko. Wanashika.

Sasa lililobaki. Ukaguzi ni Jumamosi tarehe 28 Juni. Nyayo bado zina rangi ya kutu kwa kule kulambwa, na mgongo una kovu la ile oili ambalo halitaota manyoya. Mgambo hatasoma historia, ataona kovu. Mwenyekiti nimemweleza, akasema, "Dada Dorkasi, azimio linasema barua. Mimi sina azimio la maelezo."

Nimekwenda kwa mzee Silvano. Nilimpelekea kikapu cha viazi. Akaniacha nisimame mlangoni kidogo, haki yake.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa ajili ya yale maneno ya bombani."

"Marahaba. Maneno yapi? Yalikuwa mengi."

"Yote."

Akapokea kikapu, akakipima mkononi. "Viazi vya matuta yaliyosalia?"

"Ya mapya."

"Basi mbwa anabweka. Nimemsikia. Nilidhani ni wewe."

Akanikaribisha ndani. Nilimweleza yote, pamoja na Mama na kibuyu. Hakucheka. Aliniambia habari za yule mjukuu, jinsi alivyomfunga mikono kwa vitambaa asijikune mpaka damu, usiku tisa. Nilikuwa sijamsikiliza mkutanoni, nilikuwa nasubiri ataje jina. Kisha akasema mwenyewe, bila kuombwa, kwamba siku ya ukaguzi atasimama mbele ya mgambo na kusema mbwa huyu haambukizi, na kwamba aliyeleta azimio ndiye anayesema. "Lakini," akasema, "mimi nina mdomo tu. Mkwe wangu ana muhuri. Mbona hajaandika?"

Nilimwambia una kazi nyingi.

Kwa hiyo ile sababu yako ya mwisho imekufa. Mkweo hataona aibu. Yeye ndiye anayeuliza barua iko wapi. Kwamba hujamwona mbwa, nimekuandikia kila kipande cha ngozi yake tangu Novemba, na ulikuwa tayari kumhukumu kuwa na upele kwa karatasi hizohizo. Kwamba wewe ni wa wilaya nyingine, andika hivyo hivyo, juu kabisa, kisha weka muhuri. Mwenyekiti nimemuuliza, amesema muhuri wa mifugo ni muhuri wa mifugo, hata ukitoka Bukoba.

Miezi saba nimekuuliza mambo na umenijibu ya pembeni. Mtu niliyemtukana mbele ya kijiji amekubali kusimama. Namngoja niliyezaliwa naye.

Usinieleze chochote. Nitumie simu ya maandishi, posta ya Lushoto, neno moja linatosha, naandika au siandiki. Ifike kabla posta haijafungwa Ijumaa tarehe 20 Juni, ili kama ni naandika, barua yenyewe iwe na siku nane za njiani, na kama ni siandiki, mimi na Watasema tujue usiku gani wa kuhama kijiji hiki. Nitakuwa nimekaa pale posta tangu asubuhi. Unaandika au huandiki?

Dada yako,
Dorkasi